Safina ya Tumbainot: ugomvi wa Biblia uliozuka kando ya Kilimanjaro

Mwaka 2025 makanisa duniani yaliadhimisha miaka 1,700 ya Baraza la Nikea. Mwaka 325, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu wakate shauri moja: Yesu ni Mungu sawa na Baba, au ni kiumbe aliyewazidi viumbe wote, kama alivyofundisha kasisi Ario wa Aleksandria? Wakamkataa Ario. Waumini wengi hudhani baraza hilo ndilo lililochagua pia vitabu vya Biblia. Sivyo. Orodha ya kwanza tuliyo nayo ya vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, imo katika barua ya Askofu Athanasio ya mwaka 367. Barua za Paulo zilianza kuandikwa yapata mwaka 50, Injili ya Marko karibu na mwaka 70. Kabla ya hapo, habari za Yesu zilikaa vinywani mwa watu.

Hapa Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, mahali ambapo mzee bado husimulia na kijana akasikiliza, hilo si geni. Tena mji huu una sehemu yake katika mjadala wa asili ya Maandiko, ingawa sikufundishwa habari hiyo shuleni, na sijui kijana wa hapa anayefundishwa.

Upande wa pili wa mlima, Moshi, alikaa kapteni wa jeshi la Wajerumani aitwaye Moritz Merker. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulikuwa umewagawa Ilkisonko, Wamaasai wa Loitokitok na wa Tanganyika, lakini haukuzigawa hadithi zao. Mwaka 1904 Merker alichapisha kitabu kinene kuhusu Wamaasai, na tangu kwenye jalada akawaita taifa la Kisemiti. Ndani yake aliandika masimulizi aliyosema ameyapata kwa wazee: mtu wa kwanza Maitumbe na mkewe Naiterogob, bustani, nyoka, tunda lililokatazwa. Kisha likaja simulizi lililowashangaza wasomi wa Ulaya.

Palikuwa na mtu mwema, Tumbainot. Nduguye Lengerni alipofariki, alimrithi mjane, kama desturi ya Wamaasai inavyotaka. Siku zile dunia ilijaa watu na dhambi zao, ila hakuna aliyewahi kuua, mpaka siku mtu aitwaye Nambija alipompiga mwenzake Suage kichwani akamwua. Hapo Mungu akaazimia kuwaangamiza watu. Tumbainot akajenga safina ya mbao, akaingia na wake zake wawili, wanawe sita na wake zao, pamoja na wanyama. Mvua ikanyesha mpaka kila kilichobaki nje kikazama. Ilipokatika, akamtuma njiwa, akarudi amechoka, maana hakupata pa kutua. Halafu akamtuma tumbusi akiwa amefungwa mshale kwenye mkia. Jioni ndege akarudi bila mshale. Tumbainot akajua kwamba ametua penye mzoga na mshale umenasa kitu, basi nchi imeanza kukauka. Alipotoka safinani aliona pinde nne za mvua, kila pembe ya mbingu moja.

Tumbusi na mshale wake! Hayo hayamo katika Mwanzo, na hakuna mwandishi wa Berlin angeweza kuyabuni. Mkono wa mfugaji unaonekana humo waziwazi.

Kosa la Merker lilikuwa katika alichokijenga juu ya masimulizi hayo. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1902, Profesa Friedrich Delitzsch alikuwa ameitikisa Ujerumani kwa kudai kwamba mengi ya Mwanzo yalitoka Babeli. Merker akajibu kwamba mababu wa Wamaasai na wa Waebrania walikuwa wamoja, na masimulizi ya Kimaasai ni makongwe kuliko ya Babeli. Wasomi wakagawanyika. Toleo la pili lilitoka mwaka 1910, mwenyewe akiwa ameshafariki, na ugomvi ulikuwa haujaisha.

Mimi namwamini zaidi Alfred Claud Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyetoa kitabu chake kuhusu Wamaasai mwaka 1905. Mmoja wa waliomfundisha alikuwa Justin Lemenye, Mmaasai Mkristo wa misheni ya Taveta. Angalia: mtu aliyeijua Biblia ndiye aliyekuwa mwalimu, lakini katika kitabu hicho hamna Tumbainot. Mna Naiteru-kop, mwanzilishi wa nchi. Huyu si Hawa kama Naiterogob wa Merker, wala hakula tunda. Alikuta duniani Mdorobo mwindaji, tembo na nyoka wakiishi pamoja, na ng'ombe wakashushwa kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi.

Safina ilifikaje basi? Wamisionari walikuwa Moshi tangu 1885, na mmisionari Rebmann aliuona mlima mwaka 1848. Kabla yao misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilipita njia hizi, na kila mtoto wa chuo cha Kurani anawajua Adamu na Nabii Nuhu. Hadithi nzuri haihitaji mhubiri; inabebwa na mpagazi mpaka motoni jioni. Wamaasai waliipokea na kuitia tumbusi wao. Huo ni uhodari, na hauhitaji cheti cha Uyahudi.

Ndiyo maana huniuma ninapomsikia mtu wetu akijisifu kwamba Wamaasai ni kabila lililopotea la Israeli. Anarudia nadharia ya kapteni wa kikoloni na kumwacha Naiteru-kop nje ya mlango.

Maandiko yenyewe yalikuja kwa lugha ya watu: Agano Jipya mwaka 1923, Biblia nzima mwaka 1991. Watafsiri walichagua *Enkai*, neno lenye kiambishi cha kike ambalo pia ni mvua na mbingu, limtaje Mungu ambaye Nikea ilimwita Baba. Agano wakaliita *osotua*, neno la kitovu, kamba inayomfunga mtoto kwa mama, na pia la urafiki wa watu wanaopeana wakati wa shida. Kigiriki cha Paulo hakina neno lenye joto kama hilo.

Ukiwa na bibi au babu Loitokitok, Rombo au ng'ambo ya mpaka Longido, mwombe akusimulie kisa cha Naiteru-kop. Mrekodi kwa simu, kwa Kimaasai, na usimsahihishe.