Moto wa Jikoni katika Mabwawa ya Bandari ya Liverpool

Marufuku ya kuchoma nyama juu ya boti zilizofungwa gatini, ambayo leo hukutwa katika bandari nyingi za boti za starehe, ilitanguliwa na amri kali zaidi katika bandari za biashara za Uingereza, hasa Liverpool. Mwaka 1715 mji huo ulifungua bwawa la bandari lililosanifiwa na Thomas Steers, yaani eneo la maji lililozungushiwa kuta na kuzibwa kwa lango ili meli zielee hata mto Mersey unapokupwa. Kwa kuwa wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa mtoni humo hukaribia mita 10, lango lilifunguliwa maji yalipojaa tu, na hapo ndipo ilipokuwa hatari: meli za mbao, zenye kamba za katani na mbao zilizokalafatiwa kwa lami, zilisongamana ubavu kwa ubavu jirani na maghala ya pamba, na iliyoshika moto maji yakiwa yamekupwa haikuwa na pa kutokea.

Baharini jiko lilivumiliwa, kwani mabaharia hawawezi kusafiri majuma kadhaa bila chakula cha moto. Ndiyo maana hata majahazi yalibeba sanduku la kupikia lililojazwa mchanga. Ndani ya bwawa halikuvumiliwa. Herman Melville, aliyefika Liverpool mwaka 1839 akiwa baharia kijana, alieleza katika riwaya yake *Redburn* (1849) kwamba moto wa aina yoyote ulikatazwa melini, hivyo mabaharia walilala chomboni lakini wakala nchi kavu, la sivyo waliambulia viazi baridi. Amri hiyo ililinda shehena za matajiri, huku usumbufu wake ukimwangukia baharia.

Wajenzi nao walijihadhari: maghala ya Albert Dock ya Jesse Hartley, yaliyofunguliwa mwaka 1846, yalijengwa kwa matofali, mawe na chuma, bila mbao katika mihimili yake. Bwawa jirani la Salthouse, la mwaka 1753, sasa hupokea boti za starehe. Lami na katani zimetoweka, ila gesi ya propani inayotumiwa katika majiko ya kuchomea ni nzito kuliko hewa; ikivuja hushuka hadi ngamani, sehemu ya chini kabisa ya chombo, na cheche moja huweza kuilipua. Wanaoiona marufuku ya leo kuwa usumbufu mtupu wamekosea.