Motokaa za Kwanza na Watu Waliozivuta

Wasomaji wengi wamepata kuziona picha za zamani za motokaa. Nyingine zilichapwa juu ya kadi za posta, nyingine zimo vitabuni, na nyingine ni matangazo ya wauzaji. Tuzitazamapo, macho yetu huenda upesi kwenye chombo chenyewe: taa zake kubwa, magurudumu yake membamba, na bwana aliyeketi penye usukani. Tukiisha kustaajabu, twaiweka picha kando. Lakini picha ni shahidi, na shahidi hufaa aulizwe zaidi ya swali moja. Swali letu leo ni hili: Motokaa hizo zilikwenda kwa nguvu za nani?

Katika nchi yetu twaweza kuanza na safari ya Paul Graetz, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Wadachi, watawala wa wakati ule. Tarehe 10 Agosti 1907 alitoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyoundwa Gaggenau, huko kwao Udachi, akikusudia kuvuka Afrika toka bahari ya mashariki hata ya magharibi. Alipita Johannesburg na jangwa la Kalahari, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Hesabu ya siku zake njiani ni 630. Watu wa Ulaya walimsifu sana, naye akaandika kitabu chenye picha za safari ile.

Basi tuzitazame picha hizo kwa utulivu. Katika baadhi yake motokaa haiendi, bali yavutwa. Imezama mtoni au matopeni, na mbele yake wako watu wengi wameshika kamba, migongo imeinama. Jina la mwenye gari twalijua, na mji lilikoundwa twaujua. Wale wenye kamba hawakuandikwa majina. Na hata gari lilipokwenda lenyewe, lilikwenda kwa mafuta yaliyotangulizwa njiani kwa vichwa vya wapagazi. Maana mwaka ule wa 1907 reli ya kati ilikuwa inafika Morogoro tu.

Kwa nini vichwa vya watu, wala si punda na ng'ombe? Sisi wa Shinyanga hatuhitaji kuambiwa sana. Mbung'o walikuwa wameshika nyika kubwa, na mnyama wa mzigo aliyepitishwa humo aliugua nagana akafa. Kwa sababu hiyo Wanyamwezi na Wasukuma walipata sifa ya upagazi tangu karne ya 19, wakichukua pembe na nguo kati ya bara na pwani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60 au 70. Sasa fanyeni hesabu hii pamoja na watoto wenu: debe moja la petroli lilikuwa galani 4, na uzito wa petroli hiyo ni kama ratili 30. Sanduku la madebe mawili ni ratili 60, bila kuhesabu bati na mbao. Ndio mzigo wa mtu mmoja kamili! Chombo kilichosifiwa kuwa kitamtua mtu mzigo kilianza kwa kumtwika mzigo mwingine.

Jambo hilo lilionekana kwa uchungu zaidi katika Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1916 Waingereza walileta motokaa na malori katika nchi hii, na picha zake zipo. Lakini majeshi yao yalipofika Kondoa mwezi wa Aprili mwaka ule, masika yalianguka, njia zikageuka matope, na magari yakashindwa. Waliofikisha chakula ni wapagazi. Makumi elfu ya wapagazi walikufa katika vita ile kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na jeshi lile la wapagazi.

Tuyageukie matangazo. Gari lililotangazwa sana ulimwenguni lilikuwa Ford Model T, lililoundwa Marekani toka mwaka 1908 mpaka 1927, nalo lilizidi milioni 15. Bei yake ilianza dola 850, ikashuka hata chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Tangazo la motokaa hupenda kuonyesha barabara iliyonyoka, na watu wenye nguo safi. Tangazo halisemi barabara ilitoka wapi. Hapa Tanganyika, chini ya Waingereza, mtu aliyekosa fedha za kodi aliweza kutakiwa ailipe kwa kazi, na kazi moja ilikuwa kutengeneza njia. Hapa Shinyanga, tangu miaka ya 1920, watu kwa maelfu walifyeka vichaka kwa mashoka ili kuwafukuza mbung'o.

Hata hivyo, haki ni haki: motokaa ilileta faida kweli. Reli ya Tabora hata Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, malori yalipata kituo cha kupeleka pamba, na mkulima akapumzisha shingo yake. Geita nayo, mgodi wake mkubwa wa dhahabu ulipoanzishwa katika miaka ya 1930, ulihitaji mitambo ambayo hakuna kichwa cha mtu kingeiweza. Debe tupu likawa kipimo cha mahindi na chombo cha maji; tairi lililochakaa likakatwa likawa makatambuga. Watu wetu hawakuipokea motokaa kwa kustaajabu tu, bali waliitumia mpaka kipande chake cha mwisho.

Na kila lori lilikuwa na watu wake. Katika picha nyingi dereva husimama mbele, mkono juu ya boneti, wala hakuna aulizaye habari za taniboi, aliyelala juu ya magunia na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu gari lilipokwama mlimani.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la watu wa kale peke yao. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, na gari litokalo Mwanza kwenda Geita halingoji tena kivuko. Picha zake ni nyingi mno katika simu zetu. Je, mjukuu atakayeziona ataweza kumtaja mtu mmoja aliyefunga nondo au kumimina zege?

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, fungueni masanduku yenu. Ikiwamo picha ya lori la kwanza la kijiji, mpelekeeni mzee angali hai, mmwulize: Huyu ni nani? Na huyu wa pembeni? Gari lilikuwa la nani, na lilichukua nini? Kisha mwandike majibu nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, polepole, pamoja na mahali na mwaka. Jina la kiwanda limekwisha andikwa juu ya chuma. Majina ya watu yangojea mikono yetu.