SOMO LA HISTORIA: CHOMBO KIKUUKUU NA MIKONO YA WENYEWE

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: mlingoti, rubani, kushua, kuoza. Wenzetu wa bara huenda hawayazoei yote. Mlingoti ni mti unaobeba tanga. Rubani wa bahari ni mtu anayejua njia ya majini. Kushua chombo ni kukitia majini. Kuoza, bila shaka, kila mmoja anakujua.

Leo tutasoma habari za chombo kimoja cha visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki. Jina lake ni Hōkūle'a, maana yake Nyota ya Furaha.

Chombo hiki kina umbo gani? Ngalawa ya pwani yetu ina mtumbwi mmoja katikati, na mirengu kushoto na kulia ili isipinduke. Hōkūle'a haina mirengu. Ni mitumbwi miwili iliyo sambamba, imeunganishwa kwa miti ya kukingama, na juu yake imetandikwa sakafu ya mbao. Urefu wake ni kama mita 19, na milingoti ni miwili. Miti ile haikupigwa misumari. Imefungwa kwa kamba. Wimbi linapokuja, kamba hulegea kidogo na kukaza tena, lakini msumari hupasua mbao.

Kwa nini watu walikiunda? Wazee wa Hawaii walisimulia kwamba wahenga wao walivuka bahari kwa vyombo kama hivi, wakijua waendako. Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1893 utawala wa malkia wao ulipinduliwa. Mwaka 1896 sheria iliamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa hivyo. Vyombo vya safari ndefu vilikuwa vimekwisha toweka, na waliojua kuviongoza hawakuwapo tena. Mwaka 1956 mwandishi mmoja wa New Zealand, Andrew Sharp, alitoa kitabu akidai kwamba safari ndefu za makusudi hazikuwezekana: watu wale walipeperushwa tu na upepo wakafika kwa bahati.

Fikirini maneno hayo. Kumwambia mtu kwamba babu yake alifika kwa bahati ni kumnyang'anya babu yake akili.

Basi mwaka 1973 watu watatu, Ben Finney, Herb Kāne na Tommy Holmes, walianzisha chama cha kutafuta ukweli kwa vitendo. Chombo kikashuliwa tarehe 8 Machi, 1975. Hawakutumia magogo kama wahenga, bali mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Umbo, matanga na kamba vilifuata desturi ya zamani.

Rubani alikuwa shida. Hawaii hakupatikana hata mmoja aliyejua kazi hiyo kwa desturi. Akaja Mau Piailug, wa kisiwa kidogo cha Satawal, aliyejifunza kwa babu yake tangu utotoni. Tarehe 1 Mei, 1976, waliondoka Hawaii bila kutumia dira. Mau alitazama nyota zilipochomoza na zilipotua, na mchana alisoma mawimbi na jua. Baada ya safari ya kilomita 4,000 hivi, tarehe 4 Juni, waliingia bandari ya Papeete, Tahiti. Maelfu ya watu walijaa ufukoni. Hoja ya bahati nasibu ilipata jibu lake.

Lakini msidhani kwamba mambo yote yalikuwa ya furaha. Mwezi wa Machi 1978 chombo kilitoka tena, kikiwa na shehena nzito na bahari ikiwa kali. Usiku ule ule kilipinduka. Kijana mmoja, Eddie Aikau, hodari wa mawimbi, alichukua ubao wake akaelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Hakuonekana tena. Wenzake waliokolewa.

Hapo wengine wangesema, basi, tuache. Wao walikitengeneza chombo, wakakaza taratibu za usalama, na Mau akarudi kuwafundisha. Mwaka 1980 Nainoa Thompson, kijana wa Hawaii mwenyewe, alikiongoza mpaka Tahiti na kurudi.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Chombo cha mbao ni kama paa la makuti: hakina budi kutazamwa kila mara. Maji ya mvua hupenya penye ufa mdogo, mbao huoza kutoka ndani, na nje rangi bado yang'aa. Baada ya miaka 35 ya kutumika, mwaka 2010 Hōkūle'a ilipandishwa nchi kavu Honolulu kwa matengenezo makubwa. Kamba zilifunguliwa. Mbao zilizooza zilikatwa, mpya zikatiwa mahali pake. Mitumbwi ilipigwa msasa na kupakwa upya, kisha yote yakafungwa tena kwa kamba mpya.

Nani walifanya kazi hiyo? Mafundi walikuwapo, lakini wengi walikuwa watu wa kujitolea, wazee na vijana. Kijana aliyekuja kupiga msasa tu aliondoka akijua kufunga kamba. Hiyo ndiyo faida ya kutengeneza wenyewe. Kama wangenunua chombo kipya, wangepata chombo; kwa kukitengeneza kile cha zamani, walipata chombo na mafundi.

Chombo kilirudi majini mwaka 2012. Mwaka 2014 kilianza safari ya kuuzunguka ulimwengu. Mwaka 2015 kilivuka Bahari ya Hindi, kikafika Mauritius na Cape Town, na mwezi wa Juni 2017 kikarudi nyumbani. Mau hakuiona safari hiyo. Alifariki mwaka 2010. Elimu yake ilikuwamo chomboni.

Je, sisi tunahusika? Ndiyo. Lugha ya Madagaska ni jamaa ya lugha ya Hawaii. Mbingu kwa Kihawaii ni lani, kwa Kimalagasi ni lanitra. Mabaharia wa ukoo huo walifika Bahari ya Hindi zamani sana, na wataalamu wengi huona kwamba mirengu ya ngalawa yetu ina asili kwao.

Watu wengine huuliza: mbao zikibadilishwa, chombo bado ni kile kile? Wenyewe waliona ni kile kile, maana umbo halikuachwa, jina halikuachwa, na mkono uliojua ulikuwapo kuufundisha mkono usiojua. Mbao zinaweza kupatikana tena. Fundi akifa bila mwanafunzi, hapatikani.

Sasa zungumzeni katika kikundi:

1. Kwa nini miti ilifungwa kwa kamba, isipigwe misumari?
2. Andrew Sharp alidai nini, na alijibiwaje?
3. Ni kazi gani ya mikono hapa kijijini inayojulikana na wazee wachache tu? Nani ajifunze kwao, na lini?

Swali la tatu andikeni jibu lake daftarini, pamoja na jina la mzee huyo. Kwaherini mpaka somo lijalo.