Siku Moja ya Upepo Mwema

Huenda msomaji akastaajabu kuona insha juu ya matanga na mawimbi ikiandikwa Karatu, mahali pasipo na bandari wala nahodha, na ambapo bahari iko zaidi ya kilomita 400 upande wa mashariki. Sisi wenyewe tulikuwa na mawazo hayo hayo hata tulipokwenda Unguja, tukapata nafasi ya kushuhudia mashindano ya ngalawa. Tulirudi nyumbani tukiwa na fikra nyingine, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Ilikuwa mwishoni mwa majira ya kusi, ukali wa upepo ulipokwisha kupungua. Mbingu ilikuwa safi, maji yalikuwa yamejaa na kuifunika miamba, na upepo ulivuma mfululizo bila kishindo wala kusita. Tuliketi katika mashua iliyoyafuata mashindano. Ngalawa ni chombo kinachochongwa katika gogo moja, aghalabu la mwembe, na kutulizwa na mirengu miwili inayoelea ubavuni. Siku hiyo zilitoka zote pamoja, matanga yakiwa yamevimba upande mmoja. Manahodha walishika usukani kwa utulivu wa mtu aliyeketi barazani kwake. Mabaharia walisimama juu ya mirengu wakitaniana. Na hata wale walioachwa nyuma waliimba. Kila mmoja alitaka kushinda, lakini hapana aliyetaka siku ile iishe upesi.

Tulipofika pwani tulimwamkia mzee mmoja na kumpongeza kwa bahati waliyoipata. Alitabasamu, akatuambia kwamba bahati ni ya mgeni. Wao walikuwa wakiingoja siku hiyo tangu mwezi ulipoandama.

Jibu hilo lina historia ndefu ndani yake. Tangu kale watu wa pwani wanajua kwamba kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na kwamba tangu Aprili hivi hadi Septemba huvuma kusi. Bara la Asia linapopata joto huvuta hewa kutoka kusini, linapopoa huirudisha. Biashara ya Kilwa, Mombasa na Unguja ilijengwa juu ya pumzi hiyo. Vyombo vya Arabuni na Uhindi vilishuka kwa kaskazi, vikangoja bandarini, kisha vikapanda kwa kusi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, elimu hiyo ilikuwa tayari kongwe.

Aliyeipuuza aliadhibiwa. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, akang'oa nanga kusi lilipoanza, na kwa muda wa siku 23 hivi akaiona pwani ya Uhindi. Wakati wa kurudi hakungoja majira. Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijatulia, na bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa maradhi, na baada ya kufika Malindi Januari 1499 ilimbidi aichome moto merikebu yake moja kwa upungufu wa watu wa kuiendesha. Bahari ilikuwa moja na nahodha alikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kujua siku na kutoijua.

Sasa na tuirudie Karatu. Upepo uliolijaza tanga la ngalawa haukomi ufukweni. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu hadi kwenye miteremko ya mashariki ya Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta umepita mita 2,200. Hapo hewa hupanda, hupoa, ikawa ukungu na mvua. Ndiyo sababu msitu wa upande wetu ni mbichi hata miezi ya kiangazi, ilhali upande wa magharibi, kuelekea Bonde la Olduvai, nchi ni kavu. Msitu huo ndio unaolisha chemchemi, na chemchemi ndizo zinazonywesha mashamba ya kahawa ya Karatu na ya vitunguu ya Mang'ola.

Wazee wa Karatu nao wana elimu iliyo ndugu ya elimu ya manahodha. Hutazama mawingu yanatokea upande gani, ukungu unakaa hadi saa ngapi, na ndipo waamue kupanda mahindi na mbaazi. Na mbaazi hizo, zikishavunwa, nyingi huuzwa Uhindi, zikiivuka bahari ile ile waliyoivuka wahenga wa pwani. Hivyo mkulima na baharia, ambao huenda wasionane maisha yao yote, ni wanafunzi wa mwalimu mmoja.

Lakini elimu hii iko hatarini pande zote mbili. Pwani, mashine imechukua mahali pa tanga katika vyombo vingi, na vijana wanaojua kulisoma anga wanapungua. Kwetu, msitu unahitaji ulinzi daima, ijapokuwa Ngorongoro ilitengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1959 na kutambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1979. Msitu ukikatwa, upepo utapita juu yetu bila kutuachia kitu. Nayo majira yenyewe siku hizi yanageuka kuliko yalivyozoeleka, jambo linalotufanya tuuhitaji zaidi uangalifu wa wazee, si kuutupa.

Yafaa basi walimu wa Karatu wawatume wanafunzi kwa babu na bibi zao, wakaandike dalili za mvua na majina ya pepo. Na walimu wa pwani wafanye vivyo hivyo kwa manahodha. Madaftari hayo yakikutanishwa, tutaona kuwa ni sura mbili za kitabu kimoja. Siku njema, baharini au shambani, humfikia aliyejiandaa kuipokea.