Dola 5 kwa Mwewe Mmoja

Kwetu ndege anayenyakua kifaranga ni mwewe, basi. Ukianza kubishana na nyanya kuhusu aina yake, kifaranga kashaenda. Lakini jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1929 lilitaka jina kamili: dola 5 kwa kila goshoki aliyeuawa, kwa sababu alilaumiwa kumaliza ndege wa kuwindwa. Goshoki tu.

Sasa hebu mtambue. Akiwa mzima si kazi: mgongo wa kijivu, utepe mweupe juu ya jicho. Shida ni kinda wake, wa kahawia mwenye michirizi kifuani, karibu sawa na kinda wa mwewe wa Cooper. Halafu kuna mwewe mwingine mdogo, wa miguu myembamba, nakala ya Cooper kabisa. Na usitegemee ukubwa. Kwa ndege hawa jike ndiye mkubwa, kwa hivyo jike la huyu mdogo hukaribia dume la Cooper. Tazama ncha ya mkia: ya mdogo ni kama imekatwa kwa rula, ya Cooper ni ya mviringo, ina ukingo mpana mweupe. Cooper pia ana kofia nyeusi juu ya kisogo kilichofifia. Kwa mdogo, weusi huteremka hadi shingoni.

Nani ataona hayo akiwa na bunduki begani? Wawindaji walipanda mlima ambao mwewe huupitia wakihamia kusini, wakalenga chochote chenye mabawa. Mwaka wa 1932 Richard Pough aliipanga mizoga safu kwa safu, akaipiga picha. Rosalie Edge alizipata hizo picha, na 1934 akaukodi mlima, ndio Hawk Mountain ya leo. Mwaka uo huo Roger Tory Peterson alitoa mwongozo wake wa ndege, vistari vikikuonyesha alama ya kutazama ndege akiwa hai, angani.

Mwaka wa 1937 jimbo likawalinda mwewe wote isipokuwa watatu: goshoki, Cooper na yule mdogo. Yaani wale wale wanaochanganya watu! Kwangu huo ulikuwa ulinzi wa karatasi. Ilibidi kungoja 1972, mkataba wa Marekani na Mexico ulipopanuliwa, ndipo sheria ya nchi nzima ikawafunika wote bila kuuliza mkia.

Mlimani bado wanabishana kuhusu ncha hiyo, darubini machoni, kisha wanaandika hesabu ya siku.