Mvuvi wa Kipupwe

Ukitaja historia ya Bagamoyo, wengi tunarukia misafara: pembe za ndovu, watumwa, mwili wa Livingstone uliofikishwa hapa Februari 1874, Wajerumani waliohamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Mvuvi je? Hayumo. Kwangu mimi, habari yake inaanzia kwenye kipupwe.

Baridi yetu ya Juni hadi Agosti si ya barafu, lakini muulize aliyelowa saa kumi alfajiri juu ya ngalawa. Ndipo kusi inapokaza. Pepo ndizo zilizopanga biashara ya pwani hii: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Ila manahodha walikuwa na akili zao. Waliondoka Aprili au Mei, kabla bahari haijachafuka, au walingoja hadi mwisho wa Agosti, kusi imelegea.

Nahodha aliweza kungoja. Mvuvi je, mwenye watoto wanaokula leo? Chombo chake ni gogo la mwembe lililochongwa, mirengu miwili ya kuzuia lisipinduke, na tanga moja. Basi siku bahari ikimruhusu alivua karibu, nyuma ya miamba, akitafuta changu. Jodari na nguru wa maji makuu akawaacha.

Leo zipo boti za mashine, lakini ngalawa bado zipo, na kusi ni ile ile. Kwa hiyo samaki akipanda bei Julai, usiseme mvuvi kalala. Upepo uliowasimamisha wenye majahazi ndio anaotoka nao yeye.