Shingo ya Mama na Mtungi wa Lita 20

Leo tunazungumzia shingo.

Siku za kliniki mama huleta mtoto apimwe uzito na kupewa chanjo, na akishamaliza, akiwa tayari mlangoni, ndipo hugeuka na kusema, "Sista, na mimi shingo inaniuma." Dawa ya kutuliza maumivu ipo. Lakini shingo hiyo ina historia yake, na mama akiijua historia ataelewa kwa nini dawa peke yake haitoshi.

Tuanze na maumbile. Shingo ya binadamu ina pingili 7. Twiga wetu wa Samburu na Buffalo Springs, pamoja na urefu wake wote, naye ana pingili 7 vilevile, ila zake ni ndefu. Juu ya pingili zako kumekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kidevu kikiwa sawa, masikio yakiwa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayobeba uzito huo. Ukisukuma kidevu mbele, misuli ya nyuma ya shingo inabaki ikivuta kutwa nzima, kama mtu anayezuia mbuzi kwa kamba. Na hapo hatujaweka mzigo wowote.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kusoma kitabu. Mzee wa Kiturkana hutembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mti anachokalia mchana na kulalia usiku ili kishikilie shingo na kuinua nywele zilizopambwa zisiguse vumbi. Wasomali nao wana barkin, mto wa mti wa kazi hiyohiyo. Wamisri wa kale walilalia vitu vya namna hiyo maelfu ya miaka iliyopita. Ila mniruhusu niseme: kwa Waturkana kigoda hicho ni cha wanaume. Shingo ya baba ilichongewa mti wa kupumzikia, ya mama ikapewa kuni na maji.

Mama naye alibuni njia zake. Kando ya ziwa huko Nyanza, mama wa Kijaluo huviringisha kitambaa au majani akatengeneza ngata, akaiweka utosini na mtungi juu yake, kisha akatembea bila hata kuushika kwa mkono. Upande wa Mlima Kenya, mama wa Kikuyu hubeba mgongoni, uzito ukishikwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso, ambao Wakikuyu huuita mukwa. Bibi zetu wengi wa huko walizeeka na alama ya mkanda huo kwenye paji. Hapa kwetu kwenye nyanda kavu, Waborana na Wasomali waliutegemea zaidi mgongo wa ngamia na wa punda.

Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa ng'ambo walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoshangaza wengi. Waliwatembeza akina mama wa Kijaluo na wa Kikuyu juu ya mashine wakiwa na mizigo, huku wakipima hewa wanayovuta ili wajue nguvu inayotumika. Wakaona kwamba mama aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Askari mwenye mkoba mgongoni hawezi hivyo. Kwake kila kilo inayoongezwa inadai nguvu yake. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulieleza siri: mwendo wa akina mama hao ni kama bembea, hatua moja inaisukuma inayofuata, na nguvu kidogo tu inapotea njiani. Shingo imenyooka, kidevu kimetulia, macho yako mbele.

Habari hiyo imependwa sana, na watu wameipokea kama kwamba mama wa Kiafrika anaweza kubeba chochote. Hiyo si kweli. Asilimia 20, akina mama. Ukipita hapo, nguvu inaanza kupanda pamoja na mzigo. Tena waliopimwa walipimwa hewa na nguvu. Mifupa ya shingo ilikuwa jambo lingine.

Hebu tupige hesabu. Mama wa kilo 50, asilimia 20 yake ni kilo 10. Mama wa kilo 60 ni kilo 12. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, na plastiki yenyewe juu yake. Kwa mama wa kilo 50 hiyo ni asilimia 40. Binti wa darasa la tano mwenye kilo 30, kiasi chake ni kilo 6 tu. Mara ngapi tumemwona na mtungi wa mama yake?

Je, nani aliamua kwamba maji yabebwe lita 20? Si mama. Nyungu na vibuyu vya zamani vilikuwa vya ukubwa mbalimbali, na binti alipewa kidogo chake. Kisha wakoloni na wafanyabiashara wakaleta mafuta ya taa kwenye mikebe ya galoni 4, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakiisha, mkebe ukawa wa maji, nao ndio debe tunalopimia mahindi hadi leo. Baada ya debe ukaja mtungi wa plastiki wa lita 20, mara nyingi ule uliokuja na mafuta ya kupikia. Kipimo kilitoka dukani, shingo ikalazimika kukifuata.

Linganisha na wapagazi. Katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, Waingereza walikusanya wanaume wengi sana wa Afrika Mashariki katika Carrier Corps, jina ambalo kwa midomo yetu likawa Kariakoo na Kariakor. Mzigo wa kila mmoja ulizidi kilo 20. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Walijengewa sanamu Nairobi. Mama anayepanda kutoka mtoni na mtungi uliojaa anabeba karibu mzigo uleule, mara mbili au tatu kwa siku, wakati mwingine akiwa mjamzito.

Na mzigo mzito huumiza shingo kweli. Mwaka 1968 Dakt. Levy, mpasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu katika mji ambao sasa ni Harare, aliandika juu ya ugonjwa aliouita shingo ya mpagazi: watu waliobeba mizigo mizito mno kichwani, uti wa shingo ukabanwa, miguu ikakosa nguvu. Mwaka 2010 watafiti Afrika Kusini waliwauliza wanawake wa Kixhosa, na shingo ndiyo iliyowashinda kwanza walipobeba kichwani, kabla ya miguu na pumzi.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Mogotio na Naivasha, ngozi zikipelekwa China. Wizi wa punda ukaenea, hadi Serikali ikatangaza marufuku mwaka 2020. Watu walihesabu hasara kwa shilingi. Mimi naihesabu kwa shingo, kwa sababu punda akiibwa usiku, asubuhi mzigo wake unahamia kwa mama.

Basi tufanyeje, na maji lazima yafike nyumbani? Mtungi wa lita 10 kwa safari mbili ni bora kuliko wa 20 kwa safari moja, kama maji si mbali. Kama ni mbali, wilbaro au mkokoteni wa majirani watatu au wanne. Anayebeba kichwani aweke ngata katikati, asaidiwe kutwika na kutua, asiinue kidevu juu wala kukisukuma mbele, na akiitwa ageuke mwili mzima, siyo shingo tu. Mwenye mkanda aufupishe, mzigo ukae juu mgongoni. Mkanda mrefu humvuta kichwa nyuma naye hushindana nao kwa kidevu. Mama mjamzito na aliyejifungua karibuni wasibebe mtungi uliojaa. Akina baba mnaosikia, hapo nawatazama ninyi.

Njoo kituo cha afya upesi ukiona mikono inakufa ganzi, kikombe kinakuponyoka, miguu inayumba, mkojo unakuwa taabu, au ukiinamisha kidevu unasikia kama umeme unashuka mgongoni. Maumivu ya shingo yasiyoisha pamoja na jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, nacho kinatibika. Na usichanganye haya na shingo ya mtoto mwenye homa. Mtoto mwenye homa kali ambaye shingo yake imekakamaa, hawezi kugusisha kidevu kifuani, au mchanga ambaye utosi umevimba na hataki kunyonya, huenda ana homa ya uti wa mgongo. Huyo hangojei kesho wala hakandwi shingo kwa mafuta. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wiki ijayo tutazungumzia maji yenyewe, na namna ya kuyatibu yakishafika nyumbani. Maswali ya leo yaleteni kliniki, au mpeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu aniletee.